Buti za kupandia Rungwe: kampuni ya milima au kampuni ya michezo yote?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa Tukuyu, ninaongoza wageni kwenda Ziwa Ngozi na Mlima Rungwe, na msimu wa maua napata pia safari za Hifadhi ya Kitulo. Mgeni wangu mmoja, Mjerumani, anarudi Desemba na ameahidi kuniletea buti mpya. Anataka nimtajie kampuni na namba ya mguu. Wenzangu wengine wananiambia nitaje kampuni zinazotengeneza viatu vya milima tu, kama Meindl, Lowa au La Sportiva. Wengine wanasema Adidas au Nike zinatosha, ni nyepesi na bei yake ni kama nusu, hivyo hela itakayobaki aniletee koti. Kaka yangu anasema niachane na yote, niende soko la Mwanjelwa nichague mtumba mzuri. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Mwombe mgeni wako buti ya ngozi kutoka kampuni ya milima. Lakini usiitake kwa ajili ya jina. Itake kwa sababu ni kiatu ambacho soli yake ikifa, fundi wa hapa Mbeya anaweza kukitengeneza kikarudi mlimani. Kama buti atakayoipata haina sifa hiyo, basi wenzako wanaokuambia uchukue ya kampuni ya michezo pamoja na koti wako sahihi, na mimi nitakuwa upande wao.

Nianze na hayo majina, maana ndiyo yanayowagawa watu. Mpaka kati ya kampuni ya milima na kampuni ya michezo yote haujanyooka kama watu wanavyodhani. Chukua Salomon. Ilianza mwaka 1947 mjini Annecy, Ufaransa, ikitengeneza misumeno na kingo za chuma za mbao za kutelezea kwenye theluji. Baadaye ikaingia kwenye vifungo vya kushikia buti kwenye mbao hizo, kisha mwaka 1992 ikatoa buti za kutembelea milimani. Mwaka 1997 ikanunuliwa na Adidas, na mwaka 2005 Adidas ikaiuza. Sasa niambie, kati ya 1997 na 2005 mtu aliyenunua buti ya Salomon alinunua ya kampuni ya milima au ya kampuni ya mpira wa miguu? Buti haikujua. Iliendelea kuwa nzuri au mbaya kutokana na namna ilivyoundwa.

Hata soli, ambayo ndiyo inayogusa udongo, mara nyingi haitengenezwi na kampuni ambayo jina lake limeandikwa pembeni. Mwaka 1935 wapanda mlima sita walikufa kwenye milima ya Alps, upande wa Italia, na mmoja wa waliokuwa kwenye safari ile, Vitale Bramani, akaamini kwamba viatu vyao vilichangia. Miaka miwili baadaye alikuwa ametoa soli ya mpira yenye meno makubwa, akisaidiwa na watu wa matairi ya Pirelli. Jina Vibram limetokana na jina lake na la ukoo wake. Leo soli za Vibram utazikuta chini ya buti za kampuni kongwe za milima, na utazikuta pia chini ya viatu vya kampuni zinazouza raba za mbio. Adidas nao, kwa viatu vyao vya Terrex, hutumia mpira wa Continental, kampuni ile ile ya matairi. Kwa hiyo ukiniuliza nani ana soli inayoshika vizuri zaidi kwenye mizizi iliyolowa ya Rungwe, siwezi kukujibu kwa jina la kampuni. Nitageuza kiatu niangalie meno: yawe na kina cha milimita 4 au 5, na yawe yameachana vya kutosha ili tope lidondoke unapopiga hatua. Meno yaliyobanana hujaa udongo wa kwetu kabla hujamaliza kilomita ya kwanza, na kuanzia hapo unatembea juu ya tope lako mwenyewe.

Kampuni ya milima inachokuuzia hasa kwa bei ile ni sehemu ya juu na kiunzi cha ndani. Shika buti kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, kisha ikamue kama unavyokamua nguo. Buti ya mlima hukataa kujipinda, kwa sababu ndani yake, chini ya wayo, kuna ubao mgumu wa nailoni au chuma. Ubao huo ndio unaokubeba unapokanyaga jiwe kwa ncha ya mguu huku mgongoni una mzigo wa mgeni aliyechoka. Kiatu chepesi cha kampuni ya michezo hujipinda kirahisi, na kwa njia ya Ngozi, ambako unapanda na kushuka siku hiyo hiyo bila mzigo mzito, kujipinda huko ni raha. Uzito wa mguuni unachosha mara kadhaa kuliko uzito ule ule ukiwa mgongoni. Kama kazi yako ingekuwa Ngozi peke yake, ningekuambia chukua chepesi na mazungumzo yaishe.

Lakini unapanda Rungwe, karibu mita 2,960, kwenye msitu wenye mianzi, tope na mizizi, katika wilaya inayopata mvua nyingi kuliko karibu sehemu zote za nchi hii. Na unafanya hivyo wiki baada ya wiki. Buti ya mtu anayepanda mlima mara moja kwa mwaka na buti ya mtu ambaye mlima ni ofisi yake haziwezi kuchaguliwa kwa kipimo kimoja. Yule mgeni huenda akatumia buti zake miaka 10. Wewe soli utaimaliza haraka, na swali lako kubwa litakuwa: ikiisha, inakuwaje?

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Buti nyingi za kisasa, za milima na za michezo, zimeunganishwa kwa gundi tupu: sehemu ya juu, chini yake povu la kati, chini yake mpira wa soli. Kiatu cha kampuni ya michezo kikiletwa mezani kwangu soli ikiwa imebanduka, mara nyingi ninakuta sehemu ya juu nayo imekwisha. Kitambaa cha wavu kimechanika pale kidole kidogo kinapokunjia, na plastiki iliyobandikwa juu yake kwa joto imenyanyuka kingo. Naweza kukibandika soli, lakini ninabandika soli kwenye kitu kisichostahili gharama hiyo, na huwa ninamwambia mwenyewe hivyo kabla sijapokea hela yake. Buti ya ngozi nene, hasa ile iliyokatwa kwa kipande kimoja kikubwa chenye mishono michache, ni habari nyingine. Ngozi iliyotunzwa huzika soli mbili, tatu. Ninaondoa povu lililokufa, ninasafisha chini mpaka ngozi ionekane, ninaweka karatasi ya mpira mgumu, kisha soli ya meno.

Bora kuliko zote ni ile iliyoshonwa ukingoni. Utaitambua ukiitazama kwa upande: ngozi ya juu imekunjwa kwenda nje ikafanya ukingo mdogo kuzunguka mguu mzima, na uzi mnene unapita juu ya ukingo huo mpaka kwenye tabaka la chini. Baadhi ya buti za Hanwag na Meindl za Ujerumani bado zinatengenezwa namna hiyo. Uzi huo ninaweza kuufumua na kuushona upya kwa sindano na mkono, sihitaji mashine ya kiwandani. Angalia usidanganywe na mshono wa urembo uliochorwa kwenye mpira. Mshono wa kweli unapita kwenye ngozi, na ukipitisha ukucha unahisi kila tundu la sindano.

Kampuni nyingi za milima hujivunia kwamba ukiwarudishia buti watakuwekea soli mpya. Ni jambo jema, kwa mtu anayeishi Munich. Wewe kutoka Tukuyu ukituma buti Ujerumani na kuirudisha, nauli na ushuru vitakula mapato ya msimu. Ndiyo maana ninasema mtaje mgeni namna ya ushonaji na aina ya ngozi kwanza, jina la kampuni liwe la mwisho.

Sasa suala la kuzuia maji. Dukani watamwambia mgeni wako kwamba buti isiyo na Gore-Tex si buti. Utando huo ni ugunduzi wa kweli; Bob Gore aliuvuta kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na vitundu vyake vinapitisha mvuke wa jasho huku vikizuia tone la maji. Kwa mtu anayetembea kwenye theluji au kwenye mvua ya muda wa saa mbili kisha akarudi kwenye nyumba yenye joto, unafaa sana. Ndani ya buti unakaa kama soksi iliyofungwa pande zote. Shida ni kwamba maji ya kwetu hayaingilii chini peke yake. Asubuhi Kitulo, nyasi zinakufika gotini na zote zimebeba umande; maji yanateremka kwenye suruali, yanaingia juu ya buti, na ile soksi inayozuia maji yasiingie inayazuia pia yasitoke. Kesho yake buti bado mbichi, na mgeni mwingine anakusubiri. Mimi ningechagua buti ya ngozi yenye bitana ya ngozi ndani, bila utando, iliyopakwa nta. Italowa siku ya mvua kubwa, sikufichi, lakini itakauka, na hakuna utando wa kutoboka kwenye mkunjo wa vidole ambako hakuna fundi awezaye kuufikia. Kama mgeni atakuta kila buti nzuri dukani ina utando, asikatae buti kwa hilo tu. Ni upendeleo wangu, si sharti. Ila utafute vifuniko vya miguu vya kuzuia umande kuanzia kifundo mpaka gotini.

Juu ya upana wa mguu niseme kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo kampuni za milima za Ulaya zinaweza kukuangusha. Kila kampuni ina kalibu yake, lile umbo la mguu ambalo kiatu hujengwa juu yake. Watu waliokua wakitembea peku huwa na miguu mipana mbele, vidole vimejitawanya inavyotakiwa. Wengi wetu wa nyanda za juu tuko hivyo. Buti za La Sportiva, kampuni ya Italia ya tangu 1928, zinajulikana kwa wembamba wake. Ni nzuri sana kwenye miamba, lakini mguu mpana ukiingia humo unabanwa kidole kidogo mpaka unavimba. Lowa wanatoa baadhi ya buti zao kwa upana tofauti, na Hanwag wana kalibu pana na hata kalibu ya watu wenye kinundu pembeni ya kidole gumba. Kwa kazi yako ningeanza na hao wawili. Na usikubali mgeni alazimishwe kununua toleo la kike kwa sababu tu wewe ni mwanamke. Toleo la kike mara nyingi ni jembamba kisigino na mbele pia. Kama mguu wako ni mpana, la kiume linaweza kukufaa zaidi, na hakuna atakayejua ila fundi wako.

Urefu nao usipimwe kwa namba ya raba unayovaa sasa. Namba 40 ya kampuni moja si namba 40 ya nyingine. Siku ukipata wale wageni wanaotaka kuvuka kutoka Kitulo mpaka Matema, utakuwa unashuka kutoka mita kama 2,600 mpaka Ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500. Mteremko wote huo vidole vinasukumwa mbele. Buti iliyobana kidogo tu dukani itakung'oa kucha huko. Panahitajika nafasi ya sentimita 1 mpaka 1.5 mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, huku kisigino kikiwa kimeshikwa hakipandi.

Nikija kwa kaka yako na mitumba ya Mwanjelwa, hajakosea kabisa. Nimeona pale na kule Sido buti za ngozi za kampuni kubwa za milima zikiuzwa kwa bei ya kandambili mbili tatu, kwa sababu muuzaji hakujua alichoshika. Lakini hatari ya mtumba iko mahali ambapo mnunuzi haangalii. Povu la kati la buti nyingi za milima ni la poliyurithani. Linabeba mzigo vizuri kuliko povu jepesi la EVA lililo kwenye raba nyingi, na halibonyei mapema. Lakini unyevu wa hewa hulila polepole, hata buti ikiwa kabatini haijavaliwa. Watengenezaji wenyewe hutaja umri wa kati ya miaka 5 na 10. Sasa fikiria buti iliyokaa kwenye kabati Ulaya miaka 8, ikatolewa kwenye msaada, ikafungwa kwenye belo, ikasafiri baharini, ikafika Mbeya ikiwa inang'aa na meno yote yapo. Mtu ananunua kwa furaha. Safari ya pili soli nzima inabaki kwenye tope. Akiniletea, ninabonyeza lile povu kwa kidole gumba na linamomonyoka kama mkate mkavu, vipande vya njano vinadondoka juu ya meza.

Kwa hiyo ukienda mtumbani, mng'aro wa ngozi usikuvute. Bonyeza povu kwa ukucha pande zote, hasa kwenye kisigino: likirudi polepole sawa, likibaki na alama au likinata, rudisha. Kunja buti kwa nguvu uangalie nyufa nyembamba pembeni. Inua ulimi wa kiatu, kwa ndani kampuni nyingi huweka kibandiko chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Na kama umeipenda sana ngozi yake na povu limekwisha, inunue kwa bei ya ngozi tupu, ukijua fundi ataivua yote chini na kuijenga upya. Hiyo ndiyo mtumba ninayoipenda mimi. Timberland za njano na Caterpillar ambazo vijana wanazigombania ni viatu vizuri vya mjini na vya kazi ya karakana. Kwa Rungwe ni vizito bila ule ugumu wa chini unaoutaka, na zilizojaa madukani nyingi ni za kuiga.

Habari hiyo ya povu inamhusu pia mgeni wako. Duka likimwonyesha buti iliyopunguzwa bei sana, aulize imetengenezwa lini. Buti iliyolala stoo miaka 4 imeshakula nusu ya umri wa povu lake kabla hujaivaa, hata kama ni mpya kabisa kwa macho.

Kuhusu hela nitakuwa wazi. Buti ya ngozi ya kampuni za Ujerumani au Italia mara nyingi huvuka euro 200, na iliyoshonwa ukingoni huvuka 300. Hiyo ni zawadi kubwa, na ninajua mila zetu, mtu hachagui zawadi. Lakini yeye mwenyewe amekuuliza. Mweleze kwa adabu kwamba huku hakuna kiwanda cha kubadilishia soli, ndiyo maana unaomba ngozi inayoweza kushonwa, kisha mwambie kwamba kama ni ghali mno, buti nyepesi na koti la mvua vitakusaidia pia. Mtu anayepanda milima ataelewa mara moja. Na akichagua hilo la pili, pokea kwa mikono miwili: Juni na Julai Kitulo kuna baridi ya barafu alfajiri, na koti zuri la mvua kwa mtu anayesimama akisubiri wageni lina thamani kuliko tofauti ya buti mbili.

Mpelekee vipimo, usimpelekee namba peke yake. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kutembea, vaa soksi nene unazotumia mlimani, simama kwenye karatasi kwa uzito wote, na mtu mwingine akuchore kwa kalamu iliyosimama wima. Chora miguu yote miwili, maana nadra kulingana, na buti hununuliwa kwa ule mkubwa. Pima kwa milimita urefu kutoka kisigino mpaka kidole kirefu, na upana pale palipopanuka kuliko kote. Piga picha karatasi hiyo na rula ikiwa pembeni. Muuzaji wa duka la milima anayejua kazi yake atachagua kalibu kutokana na picha hiyo vizuri kuliko kutokana na neno "40". Mwombe mgeni aongeze kamba za akiba, zile za duara zenye nyuzi za nailoni, kwa sababu kamba za hapa mjini hazivumilii ndoano za chuma.

Zikifika, usizipeleke Rungwe moja kwa moja. Zivae sokoni, zivae shambani, mpaka ngozi ijue mkunjo wako. Baada ya safari osha tope kwa maji ya kawaida, toa soli ya ndani, jaza magazeti na uyabadilishe yakilowa, uziache kivulini penye upepo. Nakuomba sana usiziweke karibu na jiko la mkaa. Ngozi inasinyaa, inapasuka pale pale pa mkunjo, na gundi inalegea. Zikikauka, pasha nta ya nyuki kidogo, ipake kwa kitambaa kwenye mishono kwanza kisha kwenye ngozi yote. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, yanalainisha ngozi mpaka inapoteza umbo. Na meno ya soli yakibaki milimita 2 kwenye kisigino, niletee wakati huo huo, usisubiri mpaka umeanza kukanyagia povu, kwa sababu soli pekee ni kazi ya siku moja, na soli pamoja na povu ni kazi ya wiki. Ndaga fijo, asante sana, kwa swali.